Sekunde Zinapotelea Wapi Ndani ya darktable

Faili la RAW kutoka kamera ya megapikseli 24 huwa na uzito wa MB 25 hadi 30 likiwa kwenye diski. Likishafunguliwa ndani ya darktable, uzito huo hauna maana tena. Programu hiyo hufanya hesabu zake kwa namba za desimali za biti 32, na kila pikseli hupewa namba nne: tatu za rangi, moja ya ziada kwa mambo kama maski. Namba nne zenye baiti nne kila moja ni baiti 16. Zidisha kwa pikseli milioni 24, unapata MB 384. Kila moduli nayo inataka picha inayoingia na picha inayotoka zikae kwenye RAM kwa wakati mmoja, kwa hiyo moduli moja tu imekwishakula MB 768, na bado hatujagusa zile zinazodai nafasi ya ziada ya kufanyia kazi. Malalamiko mengi ya wapiga picha waliohamia Linux, kwamba programu ni nzito, kwamba inaganda, chanzo chake ni hesabu hiyo.

Nimechagua darktable, programu huria iliyoanzishwa na Johannes Hanika mwaka 2009, kwa sababu mbili. Ndiyo inayotegemewa na wapiga picha wengi wa Linux wanaosafisha RAW, na haifichi inachokifanya. Ukiiuliza muda umeishia wapi, inakujibu moduli kwa moduli. Hata hivyo wengi hawaiulizi. Wanaanza kwa kubadilisha mipangilio: huyu kasema washa OpenCL (njia ya kufanyia hesabu kwenye kadi ya grafiki), yule kasema zima, mwingine kasema ongeza kashe, na mwisho wake mtu ananunua kadi ya grafiki kwa fedha ya kazi tatu za harusi, kumbe kilichopungua ni RAM. Hasara ya namna hii inaniudhi, maana inazuilika kwa amri moja ya terminali:

darktable -d perf -d opencl

Ifungue programu kwa amri hiyo, chagua picha moja inayokusumbua, sogeza kidhibiti kimoja, kisha soma terminali. Kila moduli iliyofanya kazi inaandika mstari wake: imechukua sekunde ngapi kwa saa ya ukutani, imetumia sekunde ngapi za prosesa, imefanyika kwenye prosesa au kwenye kadi, na ilikuwa ikiandaa picha kubwa ya katikati au kile kijipicha cha pembeni.

Namba mbili za mwanzo zina habari nyingi kuliko zinavyoonekana. Tuseme prosesa yako ina viini vinne na mstari unasema sekunde 2 za ukutani dhidi ya sekunde 7.6 za prosesa. Gawanya: viini karibu vyote vinne vilikuwa kazini muda wote. Hapo hakuna kilichoharibika; kazi ni nzito na mashine inajituma. Mstari ukisema sekunde 2 dhidi ya 2, basi kiini kimoja kilifanya kazi na vitatu vikatazama. Huenda moduli hiyo haijaandikwa kugawa kazi, au programu imezuiwa kutumia viini vyote. Ukisema sekunde 2 dhidi ya 0.4, na kazi ilifanyika kwenye prosesa, basi prosesa ilikaa ikisubiri. Kwa kawaida ilikuwa ikisubiri data itoke kwenye diski, na mara nyingi data hiyo ni ya picha yenyewe iliyotupwa nje ya RAM. Hali hizi tatu mtumiaji anazisikia kuwa kitu kimoja, ila tiba ya moja haiisaidii nyingine hata kidogo.

Chukua kompyuta mpakato ya kawaida, kama zile zilizotumika Ulaya zinazouzwa madukani kwetu: RAM GB 8, grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, kivinjari kimefunguliwa pembeni kikiwa na kurasa kumi na kitu. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022, darktable ina mpangilio wa rasilimali wenye ngazi zake. Ngazi ya chini hujiwekea takriban asilimia 20 ya RAM, ngazi ya kawaida asilimia 60 hivi, na kubwa asilimia 75. Kwenye GB 8, ngazi ya kawaida ni karibu GB 4.8. Mfumo wenyewe pamoja na kivinjari vinaweza kuwa vimekwishachukua GB 4. Jumla inapita GB 8, na kerneli inaanza kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye swapu. Swapu ikiwa juu ya diski ya kuzunguka, kila moduli inageuka safari ya kwenda na kurudi diskini.

Hapo ndipo watu hukimbilia ngazi ya chini, nayo ina gharama yake. Programu ikiona nafasi haitoshi kwa picha nzima, inaikata vipande na kuvichakata kimoja kimoja. Vipande haviwezi kugusana tu kingo kwa kingo, kwa sababu moduli ya kuondoa chembechembe, kwa mfano, inahitaji kuona pikseli za jirani. Kwa hiyo vinapishana, na yale maeneo ya kupishana yanahesabiwa mara mbili au zaidi. Nafasi ikibana sana vipande vinakuwa vidogo, maeneo ya kupishana yanakuwa sehemu kubwa ya kazi yote, na muda unapanda. Kwenye terminali utaona mstari ukitaja kuwa moduli imepita kwa vipande; usiupuuze.

Kati ya vipande na swapu, mimi nachagua vipande bila kusita. Vipande vinapunguza mwendo. Swapu inaweza kugandisha mashine nzima hadi kishale cha panya. Kujua uko upande gani, fungua terminali ya pili uendeshe vmstat 1 wakati picha inachakatwa, uangalie safu mbili zenye majina “si” na “so”. Zikikaa kwenye sifuri, swapu haihusiki. Zikiruka mamia na maelfu sekunde baada ya sekunde, umempata mhalifu: funga kivinjari kwanza, ndipo ufikirie mpangilio. Kerneli kuanzia 4.20 ina kipimo kingine kizuri ndani ya /proc/pressure/memory, kinachoonyesha ni asilimia ngapi ya muda programu zilikwama zikisubiri kumbukumbu. Baadhi ya mifumo, Fedora tangu toleo la 33 mojawapo, huweka swapu ndani ya RAM yenyewe kwa kuibana. Inasaidia sana kwa kurasa za kivinjari. Kwa namba za picha yenye chembechembe nyingi isitegemewe hivyo, kwa sababu data ya namna hiyo haibaniki vizuri.

Kuna swali moja ambalo huwachanganya hata wazoefu: mbona kuhariri kunaenda vizuri, halafu kutoa picha ya mwisho kunachukua dakika? Jibu liko kwenye ukubwa wa kazi. Unapohariri huku picha nzima ikionekana, darktable inachakata kwa ukubwa wa kioo. Kioo cha pikseli 1920 kwa 1080 kina pikseli milioni 2 hivi, sawa na MB 33. Unapotoa picha kwa ukubwa kamili, unarudi kwenye MB 384. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini mtu aliyenunua kioo cha 4K anaona programu imekuwa nzito ghafla: pikseli ni mara nne, na kazi ni mara nne. Kwenye mipangilio upo uwezekano wa kupunguza ukubwa wa picha ya hakikisho (kile kijipicha cha pembeni) hadi nusu, theluthi au robo. Ubora wa picha unayomkabidhi mteja haubadiliki.

Mpangilio wa moduli ndio eneo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji shilingi wala amri. Moduli za darktable zimepangwa kwenye mkondo mmoja, na mpangilio huo hautegemei uliwasha ipi kwanza. Matokeo ya hatua zilizopita huhifadhiwa kwenye kashe. Ukigusa moduli ya katikati, zilizo kabla yake hazirudiwi. Inarudiwa hiyo yenyewe na zile zinazoifuata tu. Moduli ya kuondoa chembechembe imekaa mapema, kabla ya ile ya mwangaza. Kwa hiyo, ijapokuwa ni nzito, haikusumbui unapocheza na mwangaza, mradi hujasogeza wala kukuza picha. Moduli inayoitwa “diffuse or sharpen”, iliyoingia na toleo la 3.8 Desemba 2021 kwa kazi ya Aurélien Pierre, iko baada ya mwangaza. Nayo hufanya hesabu za msambao, kama joto linavyosambaa kwenye chuma, kwa kurudia mizunguko mingi juu ya picha ileile. Ukiiwasha mapema katika kazi yako, kila ukivuta kidhibiti cha mwangaza kwa nukta moja, mizunguko yote inaanza upya.

Ushauri unajitokeza wenyewe. Malizana na weupe, mwangaza na rangi kwanza, halafu washa moduli hiyo ya kunoa mwishoni. Au kama umekwishaiwasha, izime kwa muda ukirekebisha mambo mengine. Na ukiona idadi ya mizunguko iko juu, jaribu kuipunguza kisha uitazame picha kwa macho yako. Mara nyingi tofauti haionekani kwenye chapa ya ukubwa wa kawaida, ilhali muda umekatwa kwa kiasi kilekile cha mizunguko uliyoitoa.

Sasa kadi ya grafiki. Inaweza kubadilisha kila kitu, hasa kwa moduli kama hiyo ya msambao, lakini lazima kwanza ionekane. Endesha darktable-cltest, au clinfo. Zikisema hakuna kifaa, angalia folda ya /etc/OpenCL/vendors; kama haina faili lolote, draiva ya OpenCL haijawekwa, hata kama kioo chako kinaonyesha michezo na video bila shida. Draiva ya kuonyesha na draiva ya kuhesabu ni vitu viwili. Aliyeweka darktable kwa Flatpak ana jambo la ziada: programu iko ndani ya sanduku lake, na huenda haizioni draiva zilizowekwa kwenye mfumo. Clinfo ya mfumo itasema kadi ipo, darktable itasema haipo, na zote mbili zitakuwa sahihi.

Kadi ikionekana, bado isadikiwe kwa kipimo. Kadi yenye kumbukumbu GB 2 itakata picha kubwa vipande, au moduli itarudishwa kwa prosesa, na kusafirisha data kwenda na kurudi kuna gharama. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inakula RAM ileile na kugombea njia ileile, hivyo wakati mwingine kuizima kunaharakisha kazi. Na uendeshaji wa kwanza usiupime kabisa, kwa sababu darktable inatafsiri programu zake ndogo za OpenCL na kuzihifadhi. Hali hiyo hujirudia draiva ikibadilishwa.

Kipimo safi kinafanyika nje ya dirisha la programu, kwa picha ileile na faili lake lilelile la XMP, lile linalohifadhi mahariri yako:

darktable-cli picha.NEF picha.NEF.xmp jaribio.jpg --core -d perf -d opencl

Kisha rudia ukiongeza --disable-opencl mwishoni. Tupa tokeo la kwanza la kila upande, maana faili linaweza kuwa bado halijaingia kwenye kashe ya kerneli, ulinganishe yanayofuata. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na muda ukashuka, hutajua cha kushukuru.

Diski nitaipitia haraka. Diski ya nje kwenye mlango wa USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, yaani MB 60 kwenye karatasi na pungufu kabisa kwa uhalisia, kwa hiyo RAW moja inakula karibu sekunde nzima kabla hesabu yoyote haijaanza. Ukihisi uzito wakati wa kupitia vijipicha tu, angalia hapo. Kanzidata ya darktable, iliyomo ndani ya ~/.config/darktable, iache kwenye SSD ya ndani, na vijipicha viandaliwe usiku kwa darktable-generate-cache.

Joto nalo lisisahauliwe, hasa kwa anayefanya kazi Dar es Salaam au Mombasa kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Dalili yake ni kwamba picha za mwanzo za kundi zinatoka haraka na za baadaye polepole, ilhali ni za aina moja. Amri ya sensors itakuonyesha nyuzi, na kumbukumbu za kerneli kupitia dmesg zinaweza kusema kama prosesa imepunguzwa kasi kwa sababu ya joto. Mara nyingi ni vumbi kwenye feni.

Ukimaliza yote hayo na mstari wa terminali bado unasema prosesa inasubiri kumbukumbu, basi nunua RAM kabla ya kitu kingine chochote. Anza na sudo dmidecode -t memory: itakuambia nafasi ni ngapi, aina ya RAM ni ipi na mwisho wake ni GB ngapi. Kama nafasi ni mbili na moja iko tupu, kuijaza kunakupa faida mbili, ukubwa na njia ya pili ya kupitishia data, na grafiki ya ndani ya prosesa ndiyo inayofaidi zaidi hiyo ya pili. Kama RAM imechomelewa kwenye bodi na hakuna nafasi, usimruhusu fundi akuuzie kitu mbadala. Fanya kazi kwa ngazi ya chini, funga kivinjari, na uweke akiba ya mashine nyingine.