Mishale, Kalamu na Sauti Tisa

Swali lilikuwa la kawaida: ni vijiji gani vya karibu vinavyosema lahaja ileile ya kwenu, au inayoshabihiana nayo? Na ni wapi wanasema tofauti kabisa? Dodoso lenye swali hilo liliwafikia watu wa Uholanzi mwaka 1939, na mwaka 1955 W. G. Rensink akayachorea majibu ramani kwa kutumia mbinu ya mishale ya mtaalamu wa lahaja Antonius Weijnen.

Kazi yenyewe ni ya mkono na jicho. Mchoraji anatafuta nukta ya kijiji. Anasoma jibu la huko, kisha anavuta mshale mfupi kuelekea kila kijiji kilichotajwa kuwa kinasema vilevile. Anahamia nukta ya pili, ya tatu. Mwanzoni ni mikwaruzo tu. Mishale ikizidi, vijiji vinafungamana mafungu mafungu, na baina ya fungu na fungu unabaki ukanda mweupe usiovukwa na mshale wowote. Huo ndio mpaka. Umejitokeza wenyewe pale ambapo hakuna mwenyeji aliyesema kuwa wa ng'ambo ni wenzake. Ninachokiheshimu zaidi hapa ni kujizuia: wataalamu waliozijua irabu za kila wilaya hawakuwasahihisha wanakijiji.

Nako Marekani, kuanzia miaka ya 1980, mwanaisimu Dennis Preston aliwapa watu kalamu wachore mipaka wenyewe. Karatasi ina mistari ya majimbo, basi. Ombi ni moja: zungushia maeneo ambayo watu wake wanasema tofauti, kisha kila eneo ulipe jina unaloliita wewe. Mtu akisita penye Texas, akainua macho kutafuta ishara usoni mwa mtafiti, hapewi. Ishara ndogo tu ingetosha kuharibu karatasi nzima.

Kisha inakuja sehemu ya kuchosha, nami naiona kuwa ndiyo tamu kuliko zote. Kila duara lililochorwa kwa mkono linafuatishwa upya, mstari kwa mstari, juu ya ubao wa kielektroniki uliounganishwa na kompyuta, ili ramani za watu wengi zilaliane. Kwa watu 147 wa kusini-mashariki mwa Michigan, 138 walikuwa wamezungushia Kusini ya Marekani. Lakini Kusini ya nani? Ukichukua kila kipande kilichozungushiwa na mtu hata mmoja, inatanda mbali sana. Ukidai kukubaliana kwa nusu ya wachoraji, inanywea. Ukizidi kupandisha kiwango, inabaki kiini kidogo. Mtafiti haamui kingo iwe wapi. Anaonyesha jinsi inavyofifia.

Masikio nayo yana zamu yao. Preston alikusanya sauti tisa za wanaume wa miji iliyo kwenye mstari unaoshuka kutoka Saginaw, Michigan, kupitia Indiana, Kentucky na Tennessee, hadi Dothan, Alabama. Akazichanganya, halafu msikilizaji akatakiwa kusema kila sauti ni ya mji upi. Sisi wa pwani tunaifanya kazi hiyo kila siku: mtu akifungua mdomo dukani, tumeshasema huyu wa Pemba, huyu wa Mombasa. Tofauti ni kwamba Preston aliandika kila kisio, akatafuta wastani, akaangalia ni baina ya miji gani sikio linaruka ghafla. Masikio ya wasikilizaji wa Michigan na ya wale wa Indiana hayakuruka mahali pamoja.

Katika kupima hisia za watu juu ya lahaja, Preston aliuliza maswali mawili mbalimbali: wapi wanasema kwa usahihi, na wapi wanasema kwa kupendeza? Watu wa Michigan waliipa lugha yao wenyewe alama ya juu ya usahihi. Wa kusini mwa Indiana hawakujipa sifa hiyo, ila kwa kupendeza waliiweka Indiana yao mbele. Lingeulizwa swali moja tu, wapi wanasema vizuri, majibu hayo mawili yangechanganyika na asingeyaona mtu.