Utingo wa Karatasi: Usiku wa Kwanza na The Milepost

Kimefika! Nimekikuta mlangoni jana jioni nikitoka zamu, na mpaka naandika haya bado sijalala usingizi wa maana. The Milepost, toleo jipya, kipana kama daftari la mahudhurio la shule ya msingi, kinanukia wino, jalada lake laini linajipinda mkononi. Nilikaa sakafuni koti likiwa bado mwilini. Nikajiambia nitazame kurasa mbili tatu, kisha nipashe chakula. Chakula nilikipasha saa sita usiku!

Kwa asiyekijua: hiki ni kitabu cha mwongozo wa barabara za kaskazini ya mbali ya Amerika, yaani Alaska, Yukon, British Columbia, Northwest Territories, na Alberta, ambako naishi mimi, mjini Edmonton. Kilianza kuchapishwa mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya Alaska Highway kufunguliwa rasmi kwa wasafiri wa kawaida, na hutolewa upya kila mwaka kwa sababu barabara za huko hazikai zilivyoachwa. Juni, Mungu akijalia, mimi na mume wangu tutaanzia Dawson Creek, Maili 0 ya barabara hiyo ya Alaska Highway, tukaishie Delta Junction ndani ya Alaska. Maili 1,387. Zaidi ya kilomita 2,200! Toka Dar es Salaam nenda Tunduma, rudi Dar, kisha geuza tena uende mpaka uipite Mikumi. Ndiyo safari yenyewe, ila huku katikati ni misitu, mito, milima, na vimji unavyoweza kuvihesabu bila kuchoka.

Baba yangu aliendesha lori njia hiyo ya Tunduma kwa miaka mingi, na nikiwa mtoto nilipanda naye wakati wa likizo. Kwa hiyo namjua utingo ni nani. Mtu akisikia utingo anamfikiria yule kijana anayeruka chini na gogo la kuzuia tairi lori likikwama mlimani Kitonga. Huyo ndiye, lakini kazi yake kubwa ilikuwa mdomoni. "Mbele kuna daraja jembamba." "Kona hii ina mchanga." "Sheli ya pale imefungwa, jaza hapa hapa." Dereva anatazama lami, utingo anaitaja njia kabla haijafika. Jana usiku, nikiwa ukurasa wa nne au wa tano wa sehemu ya Alaska Highway, nilishtuka: huyu ni utingo! Wamemchapa utingo kwenye karatasi!

Hebu nieleze kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye utamu. Kitabu kinaitembea barabara hatua kwa hatua. Kila kitu kilicho pembeni ya njia kina mstari wake, na mbele ya mstari kuna namba mbili: umbali uliotoka na umbali uliobaki. Na si miji tu. Kijito kilichopita chini ya barabara kimetajwa kwa jina, na kama kina samaki unaambiwa ni samaki gani. Pa kuegesha pametajwa, na kama ni lami au kokoto. Mteremko mkali umetajwa na asilimia yake. Kituo cha mafuta, kambi ya kulala, choo, pipa la taka, mahali pa kusimama upige picha, vyote vipo kwa mpangilio ambao macho yako yatavikuta. Unaweka kidole kwenye mstari, unasogeza kidole, gari linasogea.

Nimejaribu jana kwa kipande cha kutoka Fort Nelson hadi Watson Lake, na jamani, nilisafiri! Kidole kilipanda mpaka Summit Lake, sehemu ya juu kuliko zote katika Alaska Highway, mita 1,295 juu ya usawa wa bahari. Kikashuka hadi Muncho Lake, ziwa la kijani na buluu, ambako kondoo wa mlimani hushuka kulamba chumvichumvi ya ardhini bila kujali gari lako lina haraka gani. Kikafika Liard River, kwenye chemchemi za maji moto katikati ya msitu, na eneo lile lile nyati wa Amerika wenye nundu hutembea kandokando ya barabara kama ng'ombe wa kijijini. Nimeweka alama ya kalamu nyekundu pale Liard. Hapo tunalala, hakuna mjadala.

Na hapo Liard ndipo nilipokutana na jambo ambalo peke yake linatosha kukifanya kitabu hiki kiwe cha lazima. Wenyeji wanapaita Maili 496. Ukipima kwa gari kutoka Dawson Creek, unafika pungufu ya hapo karibu maili 20! Kwa nini? Barabara ilijengwa 1942 kwa pupa ya vita, ikapindapinda kila mahali, na tangu wakati huo imekuwa ikinyooshwa kona baada ya kona. Barabara imefupika, majina ya zamani yamebaki. Delta Junction yenyewe inaitwa Maili 1,422 mpaka leo, ingawa mita ya gari lako itasoma 1,387 au karibu na hapo. Juu ya hayo, vibao vya upande wa Kanada ni vya kilomita, ukivuka mpaka vinakuwa vya maili. Ramani ya simu haikwambii lolote kati ya haya, tena sehemu ndefu za njia hiyo hazina mtandao kabisa. The Milepost kinakupa umbali wa kweli na maili ya kihistoria pamoja, bila kukupotosha. Niliposhika mantiki hiyo nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Kuna jingine linalonifanya niisubiri Juni kwa hamu ya pekee. Zaidi ya askari 10,000 wa Marekani waliipasua barabara hii mwaka 1942, na zaidi ya 3,000 kati yao walikuwa Weusi, katika vikosi vya uhandisi kama cha 93, cha 95 na cha 97. Wengi walitoka majimbo ya kusini yenye joto, wakapelekwa kwenye baridi inayopasua chuma. Kikosi cha 95 kilijenga daraja la mbao juu ya mto Sikanni Chief kwa muda usiofika siku 4. Tarehe 25 Oktoba 1942, karibu na Beaver Creek, Koplo Refines Sims Jr. wa kikosi cha 97 alikuwa akija na tingatinga kutoka upande mmoja, Alfred Jalufka, askari Mzungu wa kikosi cha 18, akija na lake kutoka upande wa pili, wakakutana msituni. Mtu Mweusi na Mzungu, katika jeshi lililowatenga, wakaunganisha njia. Mwaka 1993 daraja la mto Gerstle, kabla hujafika Delta Junction, lilipewa jina la kuwaenzi askari hao Weusi. Sikanni Chief, Beaver Creek, Gerstle: nimezitafuta zote tatu kitabuni, nimezipata, na sasa nina umbali wa kutoka moja hadi nyingine. Kwenye daraja la Gerstle nitashuka nivuke kwa miguu.

Ramani kubwa inayokunjuliwa nimeshaitandaza sebuleni, nimeikandamiza kwa vikombe pembeni isijikunje. Hapo tamaa ilinizidi. Macho yalianza kupanda juu, juu zaidi, mpaka Dempster Highway, njia ya kokoto inayovuka mstari wa Aktiki, na tangu mwaka 2017 barabara nyingine inaiendeleza hadi Tuktoyaktuk, kwenye Bahari ya Aktiki yenyewe. Toka mwanzo wake hadi Eagle Plains ni kilomita 369 bila sheli hata moja, na mawe yake yana makali ya kukata tairi, kwa hiyo spea moja haitoshi. Sio mwaka huu. Lakini nimekunja kona ya ukurasa.

Kama kuna la kulalamikia ni udogo wa herufi, na vifupisho ambavyo vitakuchukua nusu saa kuvizoea. Matangazo nayo ni mengi, ila mimi nimeyapenda: tangazo la nyumba ya wageni iliyo peke yake porini ni habari tosha kwa mtu anayetafuta kitanda.

Saa sita hiyo ya usiku, chakula mkononi, nilishindwa kuvumilia nikampigia baba. Kule Makambako, Tanzania, anakoishi, ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona hulali? Kuna tatizo?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuuliza kama dereva anayepokea lori la mtu mwingine. Sheli zimepishanaje? Nikafunua, nikamsomea. Barabara inaharibikia wapi? Nikamweleza habari ya kipande cha baada ya Destruction Bay kuelekea mpaka wa Alaska, ambako ardhi ya chini imeganda miaka na miaka. Barafu ile ikiyeyuka, lami inatitia hapa, inafura pale, kama mkeka uliotandikwa juu ya mawe.

"Hapo msikimbie," alisema. "Utavunja springi. Na ukitaka kusimama?"

"Pameandikwa, baba. Pa kuegesha, na ni upande gani wa barabara."

"Hadi upande?"

"Hadi upande."

Nilimsikia akivuta kiti. Mama alimwita kwa nyuma kwamba chai inapoa, hakujibu.

"Ngoja nichukue kalamu," alisema. "Haya. Rudi kule mwanzo, Maili 0, unisomee polepole."