Lilanga na Mkono wa Tezo

Mpingo hausamehe. Pigo moja la patasi likienda upande, pua ya kinyago imekwisha, na hakuna gundi ya kuirudisha ikakubalika. Kwa hiyo mchongaji wa Kimakonde hutumia muda mrefu kulitazama gogo kabla ya kulitia chuma. Hulipindua, akaangalia lilivyopinda, lilipooza, weupe wa nje unapokomea na weusi wa moyo unapoanzia. Ndipo inapokuja tezo, kisha patasi, tupa na msasa. Kazi yote ni ya kupunguza, na kila kilichoondoka kimeondoka.

George Lilanga alikulia katika ufundi huo. Alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, kwa Wamakonde, akaanza kwa kuchonga mihogo kabla mkono wake haujafika kwenye mti mgumu. Miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, mtu mzima wa makamo, mchongaji wa mashetani: viumbe vya masikio makubwa, matumbo yaliyotokeza na vinywa visivyofungika. Augustino Malaba, ndugu yake na mchongaji mwenzake, alikuwa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii jijini humo, na Lilanga akapata kazi pale. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi. Nyumba ile ilikuwa na watu wa batiki, wa kuchapa picha na wa kuchora, na mlinzi wetu hakukaa sana kabla naye hajashika brashi.

Si jambo dogo. Mtu mwenye ufundi unaomlisha, aliyekwisha kujulikana kwa kitu kimoja, huona aibu kurudi kuwa mwanafunzi. Tena rangi ina tabia zake. Kupaka ni kuongeza. Ukikosea, unangoja ikauke, unapaka juu yake. Wachongaji wengi wakipewa nafasi hiyo hulegea, mstari ukawa wa kubahatisha kwa sababu kosa halina tena gharama.

Lilanga hakulegea. Chukua picha yake yoyote ya miaka ya 1990 uufuate kwa kidole ukingo wa umbo moja, kuanzia kisogoni, ushuke mgongoni, upite kwenye kiwiko mpaka unyayo mpana wenye vidole vichache. Mstari huo hausiti wala haurudiwi. Amechora kama mtu anayejua kwamba kilichokatwa kimekatwa. Halafu tazama nafasi kati ya mtu na mtu: haipo. Mkono wa huyu umeingia kwapani mwa yule, mguu umekanyaga bega, kichwa kimejipenyeza palipobaki upenyo. Aliyewahi kuuona mnara wa ujamaa wa Kimakonde, watu wakipandana kuanzia chini hadi juu katika gogo moja, atajua mpangilio huu umetoka wapi. Gogo lina mwisho wake, na fundi hatupi hata shubiri. Lilanga aliuchukua uchoyo huo mwema akaulaza kwenye ubao wa bapa, akaujaza kwa rangi za baiskeli zilezile walizozizoesha wachoraji wa mtindo wa Tingatinga. Mashetani, waliokuwa wazito na weusi, sasa wakawa wanasengenyana, wanacheza ngoma, wanakunywa pombe, wamevaa manjano na samawati. Kwangu mimi wamekuwa wachangamfu zaidi bila kupoteza ukorofi wao.

Rangi hiyo ilirudi hata kwenye mti. Alichonga vinyago vya mti mwepesi akavipaka kama picha zake, na wapo walionung'unika kwamba ameuza Umakonde kwa watalii. Lawama hiyo imekosea historia. Mpingo mweusi uliong'arishwa ndio uliositawi kwa ajili ya wanunuzi wa mjini na wa ng'ambo, ilhali vinyago vya ngoma ya mapiko, vinavyovaliwa kichwani na mchezaji, tangu zamani huchongwa kwa mti mwepesi na kutiwa rangi, pengine hata nywele za binadamu. Mzee alikuwa amerudi nyumbani kwa njia ya Dar es Salaam.

Kama kuna la kumlaumu, ni wingi. Kisukari kilimwondolea miguu, na katika miaka yake ya mwisho alichora mistari na kuwaachia vijana wa karakana wajaze rangi. Kazi nyingine za wakati huo zina haraka ndani yake, na baada ya kifo chake mwaka 2005 waigaji wameongeza vurugu sokoni. Lakini hata hapo angalia ni kipi alichokataa kumwachia mtu mwingine: ule mstari wa kwanza, unaoamua umbo liishie wapi.

Wanaosimulia uchoraji wa Tanzania huanza na Edward Saidi Tingatinga, na wana haki. Ila humweka Lilanga nyuma yake kama mfuasi aliyechelewa. Hapana. Rangi alizikuta Dar es Salaam. Mstari alikuja nao kutoka kusini, na sura yake katika historia hiyo iandikwe na mtu anayejua tezo inavyoshikwa.