Chura wa Kihansi Alitambuliwaje?

Ukimwona chura wa Kihansi, kinachokuvuta kwanza ni manjano yake ya dhahabu. Rangi hiyo ni nzuri kwa picha, lakini kwa utambuzi haitoshi, kwa sababu rangi za vyura hubadilika kwa umri na hata kwa hali ya mwili.

Alionekana mwaka 1996, katika korongo la Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, wakati wa tathmini ya mazingira ya mradi wa umeme wa megawati 180. Wanasayansi J. C. Poynton, Kim Howell na wenzao wakamtangaza rasmi kuwa spishi mpya mwaka 1999.

Hatua ya kwanza ilikuwa kujua ukoo wake. Jike hatagi mayai majini. Huzaa vitoto vyenye miguu tayari, visivyopitia maisha ya kiluwiluwi mtoni, na ngozi ya tumbo lake ni angavu kiasi kwamba vitoto huonekana vikiwa bado ndani. Uzazi huo ni nadra mno kwa vyura, nao ulielekeza kwenye jenasi Nectophrynoides, inayopatikana Tanzania pekee.

Kazi ngumu ni kumtenga na ndugu zake, tena kwa mnyama asiyefika sentimita 3. Hapo kioo cha kukuzia hakikwepeki. Nyuma ya jicho, mahali ambapo vyura wengi wana kiwambo cha sikio cha mviringo, huyu ana ngozi tupu. Ukishuka miguuni unakuta utando kati ya vidole, na ncha za vidole hazikutanuka. Ndugu yake Nectophrynoides tornieri, naye mkazi wa Udzungwa, ana kiwambo kinachoonekana na ncha zilizotanuka. Mimi ningeanzia sikioni kila mara. Makazi ya chura wa Kihansi, hekta chache zilizolowa manyunyu ya maporomoko, ni ushahidi wa kuunga mkono tu.

Utaalamu ulikuwa safi. Ratiba ndiyo iliyoumiza. Ujenzi wa mradi ule wa umeme ulianza 1994, miaka miwili kabla chura hajaonekana. Mwaka 2000 maji mengi yalikuwa yameelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, na vyura 499 wakapelekwa Marekani kuokoa kizazi. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kurudishwa Kihansi kulianza 2012. Uchunguzi wa viumbe wa korongo lile ulistahili kukamilika kabla ya bwawa la mradi kuchorwa kwenye karatasi.