Nafasi ya Tano

Nafasi ya kwanza katika orodha ya masenta wa Houston Rockets haina ubishi. Hakeem Olajuwon alikuwa kipa wa soka huko Lagos kabla ya kuujua mpira wa kikapu, na miguu ile ya kipa haikumwacha: bega linaelekea huku, mwili unakwenda kule, mlinzi anabaki kukumbatia hewa. Aliipa Houston ubingwa wa 1994 na 1995. Huo wa pili ndio ninaoupenda, kwa sababu timu iliingia mtoano ikiwa ya sita upande wa Magharibi. David Robinson ndiye aliyekabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa msimu, kisha Olajuwon akamchezesha kana kwamba tuzo imepotea njia. Kwenye fainali, Orlando ya Shaquille O'Neal ikalala michezo 4 kwa 0. Bloku zake 3,830 hazijafikiwa na yeyote.

Ubishi unaanzia kwa wa pili. Wengi wa rika langu watamtaja Yao Ming, kwa kuwa ndiye waliyemwona. Mimi namweka Moses Malone. Hakuwa na madoido. Alikosa, akaufuata mpira, akakosa tena, akaufuata tena. Msimu wa 1978-79 alikusanya ribaundi 587 kwenye goli la wapinzani. Akiwa Houston alitwaa tuzo ya mchezaji bora mara mbili, na mwaka 1981 aliifikisha fainali timu iliyoshinda michezo 40 na kupoteza 42.

Yao ni wa tatu. Miguu yake ndiyo iliyomnyima zaidi. Elvin Hayes wa nne, maana makali yake mengi aliyaonyesha San Diego, kabla timu haijahamia Houston mwaka 1971. Ralph Sampson nimemtoa. Alipokuja Olajuwon mwaka 1984 yeye alisogezwa kuwa fowadi, na hata lile shuti la 1986 lililowatoa Lakers ni la fowadi. Alperen Şengün bado anacheza, tumwache akue.

Tatizo langu ni Dikembe Mutombo. Kwa kanuni hiyohiyo hayumo. Miaka yake ya moto iliishia Denver na Atlanta. Houston alifika 2004 akiwa na miaka 38, kumpumzisha Yao. Kila nikijaribu kumchomeka nafasi ya tano, nagundua kuwa kinachomwingiza ni hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, pamoja na raha yangu ya kuona Waafrika wawili kwenye orodha moja. Hiyo si hoja ya mpira.

Halafu nakumbuka Februari 2008. Yao aliumia timu ikiwa imeshinda michezo 12 mfululizo. Mzee wa miaka 41 akasimama chini ya ringi, wakafika 22.

Nafasi ya tano nimeiacha wazi. Aprili 2009, Mutombo aliumia goti huko Portland na hakucheza tena. Wiki chache baadaye, kwenye mchezo wa tatu dhidi ya Lakers, mguu wa Yao ukavunjika. Mchezo uliofuata senta alikuwa Chuck Hayes, mwenye urefu wa mita 1.98, na Rockets wakashinda.