Selo Mbele ya Filamu Iliyooza

Bondia anarusha ngumi. Kilichokuwa mbele yake hakionekani tena. Mahali pake pamejaa doa zito linalochemka na kupanda juu ya picha. Naye haachi kupiga. Kipande hicho kimo katika Decasia, filamu ya Mmarekani Bill Morrison ya mwaka 2002, na doa lile hakulichora mtu. Ni utepe wenyewe uliooza.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 sinema nyingi zilipigwa kwenye tepe za naitreti. Zilitoa picha maridadi, lakini ni mali ya hatari: zikishika moto hujitengenezea oksijeni, hata maji hayazizimi. Zikinusurika moto, huoza. Picha hufifia, utepe hunata na kufura, mwisho hubaki unga wa rangi ya kahawia. Wahifadhi huhangaika kuuzuia uozo huo. Morrison hupekua hifadhi akitafuta zile tepe ambazo ndani yake picha na uozo bado vinagombana, wala hakuna kilichoshinda.

Decasia ina muziki wa orkestra nzima, wa Michael Gordon, nao unatisha kweli. Hata hivyo ufundi huu wa kukutanisha muziki na picha zilizooza unaonekana vizuri zaidi orkestra inapobaki mtu mmoja.

Mwaka 2012 Morrison alitengeneza Just Ancient Loops, filamu ya dakika kama 25 kuhusu mbingu, kwa muziki wa Michael Harrison uliopigwa na mpiga selo (fidla kubwa) Maya Beiser. Jukwaani Beiser hukaa na selo moja, huku sauti za selo nyingine alizozirekodi mwenyewe zikimzunguka. Skrini haimsubiri, rekodi nazo hazimsubiri. Akichelewa kidogo tu, hakuna wa kumfichia.

Harrison hutumia mpangilio wa sauti unaofuata uwiano kamili wa namba, kama 3 kwa 2. Kwenye piano ya kawaida sauti huwa zimesogezwa kidogo ili zielewane katika kila ufunguo. Shingo ya selo haina vyuma vya kugawa sauti kama gita, hivyo kidole hutua palepale sauti inapotaka. (Wapenzi wa taarabu wanaujua uhuru huo kutoka kwenye udi, na selo yenyewe si ngeni katika orkestra za Unguja.) Sauti zikikaa sawasawa, mvumo wake hujaa ukumbini, na mikwaruzo ya utepe wa kale huonekana kama inatetemeka pamoja nao.

Si kila kitu kimefaulu. Picha mpya za kompyuta zilizochanganywa humo hazifui dafu mbele ya zile kuukuu; ni safi mno, upinde wa selo hauna pa kushika.

Muziki wa filamu hiyo umo katika albamu ya Beiser, Time Loops, ya mwaka huohuo wa 2012, na unasikilizika vizuri. Lakini mwenye uwezo wa kuchagua asiridhike na albamu. Autafute penye giza, skrini kubwa na mpigaji aliye hai mbele yake.