Friji ndiyo mpishi: uhakiki wa keki ya ndimu "isiyopikwa"

Bila shaka umeshakutana nayo. Video ya dakika moja, blenda inazunguka, halafu kipande cha keki nyeupe chenye ganda la limau lililokwaruzwa juu kinakatwa kwa kisu bila kutikisika. Maelezo yake huwa yaleyale: haina maziwa, haina mayai, haina siagi, haina jelatini, haitaki oveni, na "limau lenyewe ndilo linaigandisha". Dakika kumi tu, eti hata mtoto anaweza.

Mimi nilishindwa. Nilifuata kila hatua, nikanunua korosho za bei ya kuumiza, nikaipeleka kwenye futari ya marafiki, na tulipofika wakati wa kitu kitamu tukainywa kwa vikombe. Mwenzangu mmoja akaniambia kwa upole, "Labda jikoni si mahali pako." Huenda ni kweli. Ila watu wa maabara tuna tabia moja: jaribio likikataa, kabla ya kujilaumu tunarudi kusoma maelekezo. Nikarudi. Na baada ya kulinganisha mapishi kadhaa ya aina hii, nina neno moja kwako: kama na yako iliyeyuka, kosa kubwa halikuwa lako.

Basi leo tuyahakiki mapishi haya kama tunavyohakikiana makala zetu. Bila matusi, lakini bila huruma.

Kilicho mezani

Matoleo ni mengi ila mifupa ni ileile. Chini kuna tabaka la tende zilizopondwa na karanga au biskuti. Juu yake kuna korosho zilizolowekwa, tui zito la nazi, mafuta ya nazi yaliyoyeyushwa, juisi ya limau na kitu cha kutia utamu. Unasaga, unamimina, unatia kwenye friji kwa muda wa saa nne au usiku kucha. Kwisha.

Nianze na sifa, maana zipo. Matumizi ya korosho ni akili ya kweli. Karibu asilimia 44 ya uzito wa korosho ni mafuta, na ndani yake mna wanga na protini za kuyashikilia mafuta hayo yasijitenge na maji. Ikilowekwa vizuri na kusagwa mpaka iwe laini, inatoa krimu ambayo ulimi unaidhania ya maziwa. Pia ni sahihi kutopasha juisi moto. Harufu ya ndimu na limau imo kwenye mafuta mepesi ya ganda, nayo huruka haraka kwenye joto. Vitamini C nayo hupungua ukiichemsha. Kitindamlo kinachotiwa juisi mwishoni hunukia tunda, hakinukii jamu. Hapo alama zote.

Sasa twende kwenye matatizo.

Mpishi aliyefichwa

Kiswahili kinatusaidia kulikamata kosa la kwanza. Kuoka na kupika ni vitu viwili. Keki hii haiokwi, sawa. Lakini mtu anapoitangaza kuwa "haipikwi", muulize: kwani nini kimeitoa kwenye uji na kuifanya kipande kinachosimama? Jibu ni mafuta ya nazi, na aliyefanya kazi ni friji.

Chukua chupa ya mafuta ya nazi, hata yale ya nywele. Kama uko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, yatakuwa majimaji karibu mwaka mzima. Nenda nayo Njombe mwezi wa Julai, asubuhi utayachokoa kwa kijiti. Mafuta ni yaleyale, kilichobadilika ni joto. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi za Selsiasi. Mchana wa Februari hapa Dar tunapita 30. Kwa hiyo keki ambayo nguzo yake ni mafuta ya nazi inasimama ikiwa ndani ya friji, na ukiitoa tu imeshaanza safari ya kurudi kuwa uji.

Korosho haziwezi kuiokoa, kwa sababu mafuta yake ni majimaji kwenye joto la kawaida. Tende zinashika tabaka la chini tu. Nguzo ni moja, na imewekwa juani.

Halafu kuna sentensi iliyoniua mimi. Mapishi mengi ya aina hii yanasema: "Itoe kwenye friji, iache mezani dakika 15 au 20 ilainike kabla ya kukata." Kwenye jiko lenye nyuzi 18, ushauri huo ni mzuri. Kwenye jiko lenye nyuzi 32 ni hukumu ya kifo. Aliyeandika hakudanganya. Ameacha kutaja sharti, basi. Lakini sisi tukiandika "acha mezani usiku kucha" kwenye maelezo ya jaribio bila kutaja joto la chumba, msimamizi anaturudishia karatasi. Mbona jikoni tunasameheana?

Sharti hilo lisilotajwa linajirudia kila mahali ukishalijua. "Chagua machungwa yenye ganda la rangi ya chungwa iliyokolea." Machungwa yetu ya Muheza huiva vizuri na kujaa sukari huku ganda likiwa la kijani, kwa sababu kijani kile huondoka vizuri pale usiku unapokuwa na baridi. Ukifuata ushauri huo sokoni utaacha matunda bora. "Juisi ya malimau mawili." Mtu anatafsiri haraka, anakamua ndimu mbili, anapata chini ya nusu ya juisi iliyokusudiwa, na keki inatoka haina uchachu. Ukali wa ndimu na limau unakaribiana, ukubwa wa tunda ndio unaotofautiana. Pima kwa vijiko, usihesabu matunda.

Na sharti kubwa kuliko yote ni umeme. Mapishi yanayojisifu kwamba hayahitaji oveni yanahitaji friji isiyozimika. Kwa nyumba nyingi, jiko la mkaa au la gesi lipo, friji haipo au ipo na umeme unakatika. Kwa hiyo hicho wanachokiita "rahisi kwa kila mtu" kimeondoa kifaa tulichonacho na kudai tusichonacho.

Limau halikugandisha kitu

Dai la pili ni lile la limau kugandisha. Hili lina asili yake. Uingereza kuna kitindamlo cha zamani kiitwacho posset: krimu ya maziwa huchemshwa na sukari, ikatiwa juisi ya limau, ikaachwa ipoe, na kweli inashikana. Sababu ni kasini, protini ya maziwa. Asidi ya limau huondoa chaji za umeme zinazozifanya chembe za kasini zikimbiane, nazo zinashikana na kuunda mtandao unaokamata mafuta na maji. Ni kemia ileile ya mtindi.

Sasa ondoa maziwa, weka tui. Tui la nazi halina kasini. Lina protini zake kidogo, na ukilizidishia ndimu utaona chembechembe, yaani limekatika. Huo si mtandao. Wanaosema "tazama, limau limegandisha tui" wanatazama mafuta ya nazi yaliyoganda kwa baridi. Ni rahisi kujihakikishia: mimina tui kwenye bakuli mbili, moja tia limau, nyingine usitie, weka zote kwenye friji. Asubuhi zote mbili zitakuwa zimejikaza. Ndiyo maana tunaweka jaribio la kulinganishia. Bila hilo, utamshukuru limau kwa kazi ya friji.

Madai madogo madogo

"Korosho mbichi." Hapana. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na mtu yeyote wa Mtwara au Lindi aliyebangua kwa mkono anakujua kuungua huko. Ndiyo maana korosho hukaangwa au kupigwa mvuke kabla ya kubanguliwa. Ile nyeupe unayoinunua imeshaonja moto.

"Ina vimeng'enya hai vinavyosaidia mwili." Vimeng'enya ni protini. Tumbo linavimeng'enya kama protini nyingine yoyote.

"Haina sukari, ina tende tu." Zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Tende ina nyuzinyuzi na madini, ni chakula kizuri, lakini ukimwambia mgonjwa wa kisukari kwamba keki hii haina sukari, hapo tumeshatoka kwenye utani.

Jibu lilikuwa kwenye sinia la futari

Kinachoniuma zaidi ni kwamba suluhisho tunalo. Mombasa na Zanzibar, mwezi wa Ramadhani, faluda hukatwa vipande na kukaa kwenye sinia bila kuyeyuka. Siri yake ni agari, ambayo pakitini huandikwa "agar-agar". Hutokana na mwani, kwa hiyo haina chochote cha mnyama. Maji yake ya moto huganda yakishuka kwenye nyuzi 32 hadi 40, lakini yakishaganda hayayeyuki tena mpaka karibu nyuzi 85. Soma tena namba hizo ukiwa Dar. Kitu hiki kinaganda mezani.

Ukiwa mtu wa baiolojia unaifahamu agari kwa sababu nyingine. Mwaka 1881, Walther Hesse, aliyefanya kazi na Robert Koch huko Ujerumani, alikuwa akihangaika kwa sababu jelatini aliyooteshea bakteria iliyeyuka wakati wa joto. Mkewe, Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia maabara, akamshauri atumie agari aliyokuwa akiitumia jikoni. Alikuwa ameisikia kwa marafiki waliowahi kuishi Java. Mwaka 1882 Koch aliitaja agari kwenye makala yake ya kifua kikuu bila kumtaja mama huyo. Kwa maneno mengine, tatizo la keki yangu lilishatatuliwa na mpishi zaidi ya miaka 140 iliyopita, na maabara ndiyo iliyoazima kutoka jikoni.

Tahadhari moja: usikimbilie ufukweni Paje. Mwani unaolimwa Zanzibar, spinosamu na kotonii, hutoa karajinani, ambayo ni jamaa ya agari lakini ina tabia zake. Na tafadhali, usichukue agari ya maabara.

Toleo lililorekebishwa

Chemsha gramu 4 za unga wa agari (vijiko viwili vya chai hivi) kwenye mililita 150 za maji kwa dakika mbili au tatu, huku unakoroga, mpaka usione punje. Tia sukari vijiko vitano vya mezani. Pembeni pasha mililita 350 za tui zito bila kuliacha lichemke sana, ulimimine humo, ukoroge. Ukitaka uzito wa keki, saga tui hilo na kiganja cha korosho zilizolowekwa. Epua. Subiri dakika chache, kisha ndiyo utie vijiko vinne vya mezani vya juisi ya ndimu na ganda la kijani lililokwaruzwa.

Mpangilio huo si mbwembwe. Ukichemsha agari pamoja na ndimu, asidi na moto vinaikatakata minyororo yake na haitashika vizuri. Tui au juisi ikitoka kwenye friji moja kwa moja, agari inaganda palepale na unapata madonge. Usikwaruze mpaka kwenye weupe wa ganda, na usisage tunda na mbegu zake, utapata uchungu.

Unga wa agari hutofautiana, kwa hiyo kabla ya kumimina dondoshea kijiko kimoja kwenye sahani iliyopoa. Kikishika, endelea. Kikibaki majimaji, ongeza agari kidogo iliyochemshwa kwa maji pembeni. Kisha mimina juu ya tabaka la tende. Kama hakuna umeme, weka bakuli kwenye beseni la maji ya mtungi. Itashika.

Nami nijihakiki: kuganda si kuhifadhika. Agari inapendwa maabara kwa sababu bakteria hustawi juu yake, na tui huchacha upesi. Ndimu inasaidia kidogo, haifanyi muujiza. Kama huna friji, pika jioni, mle usiku huohuo. Na ladha pia itatofautiana: agari hukatika mdomoni, haiyeyuki polepole kama mafuta ya nazi. Anayetaka ule ulaini wa kwenye video, na ana friji ya uhakika, abaki na mapishi ya awali, ila asiitoe mpaka walaji wameshakaa.

Uamuzi wangu kama mhakiki: yakubaliwe baada ya marekebisho makubwa. Wazo ni zuri, ladha ni nzuri, lakini sehemu ya mbinu haijakamilika, na gharama ya upungufu huo inalipwa na mtu aliyeharibu korosho za elfu kadhaa kisha akaambiwa hajui kupika. Safari ijayo ukipewa mapishi ya namna hii, kabla hujatoa hela mfukoni, muulize mwenyewe swali moja: jikoni kwako kulikuwa na nyuzi ngapi?